Nani Mwingine Anakushika Kichwa?

"Pisha kioo! Pisheni jamani, nyuma yake kuna mtu!"

Kioo kirefu kilikuwa kinatembea chenyewe katikati ya ujia wa ghorofa ya juu ya soko, kati ya maduka ya viatu na vibanda vya simu. Watu walijibana ukutani. Wengine walijitazama kikiwapita wakanyoosha kola. Msusi hakuwahi kupisha. Mkono mmoja ulishika mfuko wa nywele za bandia, mwingine ndoo ya maji, na ghafla akajikuta ana kwa ana na msichana mwenye gauni la maua ya njano, kilemba kimelegea, mdomo wazi. Ilimchukua muda kujua kwamba yule ni yeye.

"Dada, uko mbele yangu?" sauti iliuliza nyuma ya kioo.

"Niko mbele yangu mwenyewe," alijibu, kwa sababu ndivyo alivyoona.

Halafu mtu akacheka huko nyuma, kicheko kifupi kilichokatikia njiani, kama cha mtu aliyesahau namna ya kukimalizia. Kichwa kikachungulia pembeni. Kilikuwa na nywele nyingi zilizosimama kila upande, zina vumbi, na chini yake macho mazuri yaliyochoka.

"Naitafuta saluni ya Shangazi."

"Nifuate. Lakini usinikanyage, maana kioo hakina breki."

Jengo zima lilimwita mwenye saluni Shangazi, lakini kwa Msusi alikuwa shangazi wa kweli, dada wa baba yake, aliyemlea na kumfundisha kushika kitana. Fundi vioo alifunga kioo ukutani, akafuta alama za vidole vyake, akaondoka bila maneno. Kesho yake akarudi kukaza skrubu. Keshokutwa akarudi kuangalia kama skrubu alizokaza zimekaza.

"Kijana," Shangazi akamwuliza, "hicho kioo kina homa? Mbona unakuja kukipima kila siku?"

Wateja wakaangua kicheko. Fundi aliinama, akaongea na sakafu. "Nataka kusukwa."

"Wewe?" Msusi alishangaa.

"Mistari. Ilale kabisa. Hasa hapa." Akagusa upande wa kushoto, mbele, juu ya paji la uso. "Pasiwe na fundo, wala kibanio cha chuma, wala mafuta mengi."

"Mh! Unakwenda kuoa?"

"Nakwenda kazini tu."

"Vioo vya siku hizi vinachagua nywele?"

Alikaa kitini, akafumba macho. Msusi alipokishika kile kichwa alikiona kizito, kama cha mtu aliyekibeba siku nyingi bila kupata pa kukitua. Akakisuka polepole kuliko alivyozoea. Vichwa vya watu alivijua kama wengine wanavyozijua sura. Alijua nani analala upande mmoja, nani ana hasira, nani hajaguswa na mtu kwa muda mrefu. Huyu alikuwa hajaguswa.

"Una vidole," Fundi akasema, macho bado yamefumbwa.

"Kila mtu ana vidole."

"Hapana. Wengine wana vitu vya kushikia tu."

Tangu siku ile akamwita Vidole. Na simu zikaanza.

"Vidole, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

"Umekula nini?" Kimya. "Basi sema hujala, usinidanganye kama mtoto. Pita hapa, Shangazi kabakiza wali."

Mwanzoni Fundi aliongea kana kwamba kila neno lazima alipandishe ngazi. Alikuja, akala, akakaa karibu na dirisha akimtazama Msusi akifanya kazi, akaondoka. Msusi hakuchoka naye. Alipenda ule ukimya wake usiodai kitu, na jinsi alivyosema asante kana kwamba amepewa nyumba. Halafu, wiki zilipopita, akabadilika. Siku moja alikuja amevaa shati la samawati lililopigwa pasi, viatu vinang'aa, anapiga mluzi. Siku nyingine alimtania Shangazi mpaka Shangazi akamtishia kwa chanuo. Msusi alitembea kama mtu aliyevaa kiatu kipya kisichobana. Alijua kazi hiyo ni ya mapenzi. Ya nini kingine?

Jambo moja tu lilimkereketa. Kila siku ya kazi, mchana ukigeuka, Fundi alitoweka.

"Unakwenda wapi, mpenzi?"

"Kupima dirisha."

"Jana pia ulipima dirisha. Nyumba gani hiyo isiyoisha madirisha?"

"Kubwa," alisema, akambusu mkono, akakimbilia ngazi.

Siku ya kufumua mistari ili asukwe upya, saluni ilikuwa imejaa. Msusi alifika upande wa kushoto, mbele, palepale Fundi alipopasisitiza, akasimama. Nywele za hapo zilikuwa zimesuguliwa, zimelala kwa umbo la duara, kama nyasi zilizolaliwa. Akazitenganisha. Kwenye ngozi palikuwa na alama ndogo ya kalamu ya bluu, na chini yake nyingine iliyofifia, na chini ya hiyo nyingine tena.

Mwanamke mwingine angeona rangi ya mdomo kwenye kola. Yeye aliona hiki, na kilimtosha. Kuna mkono uliokishika kichwa hiki. Mkono mtulivu, unaojali, unaorudi palepale kila mara.

Kabla hajafungua mdomo, simu ya Fundi ikaita mfukoni. Mikono yake ilikuwa chini ya kitambaa cha saluni. "Nibonyezee, Vidole," alisema. Msusi alibonyeza kwa kidole chenye mafuta, na simu ikaingia kwenye spika.

"Kaka yangu mzuri!" Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini kama siagi. "Leo njoo mapema, chumba kiko wazi. Na tafadhali, ukifika uwe umeshavua. Jana tulipoteza muda na ile cheni yako."

Saluni nzima ikageuka. Hata mama aliyekuwa chini ya kikausha nywele alitoa kichwa nje.

"Hilo dirisha," Shangazi akasema, "lina sauti nzuri."

Fundi alikata simu. Msusi aliweka kitana mezani kwa utaratibu mkubwa. "Nani mwingine anakushika kichwa?"

"Vidole, si hivyo."

"Nani?"

"Ni mtu wa kazi."

"Kazi gani ya kukuchorachora? Mimi hapa nakusuka vizuri, kumbe nakuandaa kwa mwenzangu! 'Ilale, Vidole, isiwe na fundo.' Na mimi nalaza, mjinga wa watu!"

Fundi alitazama wateja, mmoja baada ya mwingine, masikio yote wazi. "Siwezi kusema hapa."

"Basi na hapa hatusuki."

Akaondoka hivyo hivyo, nusu ya kichwa ina mistari, nusu imesimama, kitambaa cha saluni bado kipo shingoni. Hakuna aliyecheka.

Alipiga simu jioni ile, Msusi hakupokea. Akapiga kesho yake na siku zilizofuata. Msusi aliitazama simu ikitetemeka juu ya meza kati ya vitana, akaendelea na kazi. Halafu simu zikaacha kuja, na hapo ndipo alipoanza kuogopa. Siku moja alipita barabara ya karakana ya Fundi, kwa bahati tu, alijiambia, ingawa barabara ile haikuwa njiani kwenda popote. Mlango wa bati ulikuwa umeshushwa. Jirani muuza rangi alimwambia, "Hafungui. Nadhani yumo ndani."

Msusi akarudi zake. Kama yumo, na akae humohumo.

Ndipo alipokuja Mkunga. Alikuwa mama mnene aliyestaafu kazi ya kuzalisha, mwenye sauti ya kuamrisha watu wasukume. Alijitupa kitini, akavua kitambaa cha kichwa.

"Mwanangu, nataka mistari ilale kama shuka la hospitali. Vibanio vya chuma sitaki, vitanirudisha nyumbani."

Msusi alihisi kitu kikimgusa kifuani. "Kwa nini, mama?"

"Niko kwenye mashine. Nina sonona. Mbona mnanitazama? Nilizalisha nusu ya watu wa mji huu, nikastaafu salama, halafu siku moja nikaamka nikakaa kitandani nikaitazama miguu yangu kama ya mtu mwingine. Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Vidonge nilikunywa, kwangu havikufanya kitu. Sasa wananiwekea sumaku kichwani."

"Shoti ya umeme!" Shangazi akashika mdomo.

"Shoti gani wewe! Hawanilazi usingizi, hawanifungi. Nakaa kwenye kiti macho wazi, ile sumaku inagonga kwa nje, ta-ta-ta-ta, kama kigogota juu ya bati. Nyusi zinachezacheza kidogo, kichwa kinauma mara nyingine. Nikimaliza nanunua mboga naenda nyumbani. Juzi nimepika mwenyewe. Nimeimba, hata!" Akajicheka. "Tatizo nywele. Zangu zilikuwa milima, kifaa hakikai. Kuna kijana pale kichwa chake kililala vizuri mpaka muuguzi anakisifu. Nikamwuliza nani kakusuka? Ananijibu, 'Mtu ninayempenda.' Nikamwambia kijana, nipe saluni kwanza, mapenzi baadaye. Sasa yeye haji tena. Lakini mambo ya mtu ni ya mtu, mimi nimeongea mno. Suka."

Msusi alizitenganisha nywele za Mkunga upande wa kushoto, mbele. Alama ilikuwa pale. Kalamu ya bluu. Mkono uleule, mtulivu, unaorudi palepale.

Vidole vyake vikasimama.

"Nimekuumiza, mama?" aliuliza, kwa sababu ilibidi aseme kitu.

"Hujaniumiza. Wewe ndiye unayelia."

Alimpigia Fundi, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akapiga tena.

"Ndiyo," sauti ikasema mwishowe. Ilikuwa imerudi kwenye ngazi zake.

"Ni mimi."

"Najua."

"Uko wapi?"

"Nimelala."

"Mchana huu? Umekula?" Kimya. "Fungua mlango. Nakuja na kitana."

Karakana ilikuwa na joto na harufu ya gundi. Vioo vimeegemea kuta vikiwa vimefunikwa mablanketi, kama wagonjwa waliosimama. Fundi alikuwa na fulana, ndevu zimeota, nusu ya nywele bado imesimama vilevile alivyoiacha. Kitambaa cha saluni alikuwa amekifua na kukikunja.

Msusi hakuuliza kitu. Alimkalisha kwenye stuli, akasimama nyuma yake, akaanza kusuka. Baada ya muda Fundi akaongea, akiwa amempa mgongo, kwa sababu hivyo ilikuwa rahisi.

"Hakufa mtu," alisema. "Hakuna aliyeniacha. Ndiyo maana niliona aibu. Aliyefiwa ana sababu, mimi sikuwa nayo. Nilikuwa nakata kioo, kinapasuka mahali sikukata, na mimi sijali. Fundi vioo akiacha kujali, ni hatari. Kaka yangu ndiye aliyenipeleka."

"Na mimi ukaniambia dirisha."

"Ulikuwa umeanza kucheka na mimi. Nikasema, nikimwambia, atakuwa anacheka kwa tahadhari."

Msusi alivuta uzi wa nywele, akaubana. "Endelea."

"Kuna lingine." Alisubiri mstari uishe. "Nafuu ilianza siku zilezile nilizoanza kukupenda. Sijui kipi ni chako na kipi cha mashine. Naamka asubuhi nakuwaza, nafurahi, halafu najiuliza, huyu anayependa ni mimi au ni sumaku? Na kama ni sumaku, siku wakiizima nitakuwa nimekudanganya. Ulipokasirika nikaona afadhali. Nikaacha kwenda."

Msusi alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka, na swali lile halikuwa la kujibiwa haraka.

"Hilo silijui," alisema. "Lakini mimi sikuwekwa sumaku. Ya kwangu naijua. Ilianza ukiwa umenuna na una vumbi kichwani, hata kucheka hukuweza kumaliza."

Mabega ya Fundi yakashuka. Msusi aliona machozi yakidondoka kwenye magoti, akaendelea kusuka ili asimwaibishe.

"Ukirudi watakupokea?"

"Sijui. Labda."

"Basi kesho tunakwenda."

"Tuna?"

"Wewe na nani tena? Nataka kumwona huyo anayekwambia uvue."

Huyo alikuwa muuguzi mwenye miwani minene na mvi, mwenye picha za wajukuu ukutani. Aliposimuliwa alicheka mpaka akaegemea mlango. "Cheni, binti yangu! Chuma hakitakiwi karibu na sumaku. Jamani, nitaachanisha watu na sauti hii." Halafu akawa na uso wa kazi, akamgombeza Fundi kwa kupotea, akamwita daktari. Daktari alisema wazi mbele yao wote wawili kwamba tiba ile haimfai kila mtu, na hata inapofaa, sonona inaweza kurudi. Ikirudi, aje mapema, asijifungie.

Kwa kuwa siku zilikuwa zimepita, ilibidi apimwe upya. Msusi alikaa pembeni. Muuguzi alishika kifaa chenye umbo la nane, akakigusisha kichwani. Kikagonga. Kidole gumba cha Fundi kikaruka chenyewe juu ya paja.

"Nani kakiambia?" Msusi akashtuka.

"Mimi," muuguzi akasema. "Nikigonga hapa, kule kinaruka. Ndiyo napata kipimo cha nguvu ya kumpa. Halafu nasogea mbele, pa moyo mzito."

"Kumbe moyo mzito uko kichwani?"

"Kazi yake nyingi iko huku."

"Dada," Fundi akauliza, akitazama ukuta, "hii mashine inaweza kumfanya mtu apende?"

"Ingekuwa inaweza, ningempelekea mume wangu nyumbani."

Walicheka wote. Lakini Msusi aliona kwamba Fundi amecheka kwa mdomo tu.

Akamaliza tiba. Karakana ikafunguliwa, mluzi ukarudi. Akaanza kusema, "Vidole, kuna jambo nataka kukuuliza. Nangoja siku nzuri." Siku nzuri zikaja, nyingi, moja baada ya nyingine, na hakuuliza. Msusi alielewa. Kadiri siku ilivyokuwa nzuri ndivyo Fundi alivyoitilia shaka, kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi. Hakumsukuma. Alimdai ahadi moja tu.

"Ikirudi, niambie siku hiyohiyo. Usingoje nijue kwa kichwa chako."

"Nitakwambia."

"Hata nikiwa na mteja."

"Hata ukiwa na mteja, mama."

Asubuhi moja ya mvua Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha muuza rangi, jirani wa Fundi, ambaye siku hizi mke wake alimlazimisha kusukwa. Simu ikaita. Akaibana kwa bega.

"Vidole." Sauti ilikuwa ya chini, kila neno limepanda ngazi. "Leo ipo."

Msusi alifumba macho kidogo. Aliogopa, na papo hapo akafurahi, maana amepigiwa. "Ipo kiasi gani?"

"Nilifika mlangoni, nikarudi kukaa. Sijavaa viatu."

"Umempigia muuguzi?"

"Nimempigia. Kasema niende leo leo."

"Vizuri, mpenzi. Umefanya vizuri sana. Nakuja twende."

"Una mteja."

"Mteja ana Shangazi." Akamwashiria Shangazi, naye akaja akachukua kitana bila kuuliza. Msusi akasogea dirishani. "Fundi. Lile jambo lako. Niulize."

"Leo? Vidole, leo si siku nzuri. Leo hakuna kitu kina ladha. Chai naiona kama maji. Hata mvua naitazama tu."

"Na mimi?"

Msusi alisikia mvua kwenye bati la karakana na pumzi ya Fundi, ikiingia, ikitoka. Hakumharakisha.

"Wewe upo," Fundi akasema mwishowe, polepole, kama mtu aliyepapasa gizani akashika ukuta. "Vyote vimefifia. Wewe upo palepale."

"Basi leo hapo ulipo hakuna sumaku inayogonga. Hakuna furaha ya kukudanganya. Uko mwenyewe. Uliza."

Fundi akavuta pumzi. "Utakubali nikuoe? Hivi nilivyo, na siku kama hizi zikiwemo?"

"Anasemaje?" Shangazi akanong'ona, sauti iliyosikika mpaka dukani kwa viatu.

"Mwambie ndiyo, basi," muuza rangi akalalamika, "shingo inaniuma."

Msusi aliwapa mgongo wote.

"Ndiyo," alisema. "Nimekubali, na siku kama hizi zikiwemo. Sasa vaa viatu. Sikati simu."

Akasikia stuli ikisogea. Baada ya muda kiatu kimoja kikagusa sakafu. Kisha hakuna kitu, ila mvua. Msusi akangoja, simu ameibana sikioni kwa mikono yote miwili, mpaka aliposikia cha pili.